Na Nne na Ng'ombe Mmoja

Mimi shule sikuiona, na huniudhi sana mtu akisema eti asiyesoma hajui lugha. Thubutu! Nilikuwa bado msichana, meno yote mdomoni, nilipolijua neno moja kwa lugha nne, na hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilifundishwa na kupita stesheni kila asubuhi. Neno lenyewe ni dogo kama punje ya uwele. Ni “na”.

Kwetu Ugogo, kama ilivyo kwa Waswahili, “na” inaunganisha. Baba na mama. Ugali na mlenda. Ukiisikia tu, unatega sikio, maana unajua kuna kitu kingine kinakuja nyuma yake. Sasa nifikirieni mimi. Wajerumani wameshafikisha reli yao Dodoma, stesheni bado inanuka chokaa mbichi, nami napita na kibuyu changu cha maziwa kichwani. Bwana stesheni, Mjerumani mwenye masharubu yaliyosokotwa, amesimama barazani. Ananitazama, anasema, “Na?”

Nikasimama. Na nini? Na nani? Nikangoja amalizie. Yeye naye akangoja. Tukatazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja, mpaka akaingia zake ndani akitikisa kichwa. Kesho yake vilevile. Nikasema moyoni, huyu mzungu ana jambo zito, linamkwama kooni, masikini.

Nikienda dukani kwa Mhindi, ndiko nilikochoka kabisa. Nilikuwa nikimwomba aniongezee chumvi kidogo juu ya kipimo, maana chumvi yake ilikuwa nzuri na mimi sikuwa na aibu. Naye akawa anasema, “Na, na, na!” Jamani, na tatu kwa mpigo! Nikajua leo nitapewa chumvi na sukari na kitambaa juu. Nikafungua mikono yote miwili. Yule bwana akacheka mpaka akakaa kwenye gunia, ndipo akanieleza kwa Kiswahili kwamba kwao “na” ni hapana. Nikamuuliza, na yule wa stesheni je, naye ananikataza nini kila siku? Akasema la, Mjerumani akisema hivyo anauliza tu, haya, vipi, kuna habari gani. Huyu Mhindi alikijua Kijerumani, ndiye aliyekuwa mkalimani wao.

Wa mwisho alikuwa Mgiriki. Huyu aliendesha treni ya kokoto, ile iliyobeba mawe ya kutandaza relini. Alikuwa mtu mnene, mwenye vicheko, na alifuga ng'ombe mmoja mwekundu nyuma ya nyumba yake, kwa sababu bila maziwa hakuweza kuishi. Ng'ombe yule alikuwa na roho mbaya. Alimpiga teke kila aliyemsogelea isipokuwa mimi, basi kazi ya kumkamua ikawa yangu. Nikimaliza, Mgiriki anakata kipande cha mkate, ananisukumia puani, “Na!” Siku ya kwanza nikakodoa macho, nangoja sentensi iishe, mkate uko palepale unaninukia. Mwisho akanishika mkono, akautia kiganjani. Kumbe kwao maana yake ni haya, chukua.

Kwa hiyo asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, neno lilelile lilikuwa limeshaniuliza hali, limeshaninyima chumvi, limeshanipa mkate. Nikifika nyumbani naliimba kwa sauti za wote watatu, mama anashika mbavu. Baba hakucheka. Baba yangu wakati ule alikuwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni mahari yangu.

Niseme wazi, sifichi. Kulikuwa na kijana nikimpenda. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kibuyu njiani. Alikuwa yatima wa baba, mchungaji hodari, na ng'ombe wa mahari alikuwa ameshawaleta wote kasoro mmoja. Baba akakata kauli: huyo wa mwisho awe zizini kwangu kabla mvua za kwanza hazijanyesha. La sivyo, kuna mzee mmoja upande wa Miyuji ana zizi limejaa na wake wawili, naye ameshatuma watu kuniulizia. Nilimwona yule mzee mara moja akipiga chafya. Usiku huo sikula.

Kijana wangu akampata ng'ombe, jike jeusi la kupendeza, kwa mjomba wake. Alikuwa anamleta kwetu mchana kweupe, wamebakiza kuvuka reli tu, treni ya kokoto ikatokea kwenye kona.

Mgiriki alifunga breki, hakuwahi. Akashuka, akashika kichwa, akasema maneno mengi ya kwao. Ng'ombe alikuwa bado anahema. Jirani yetu mmoja Mrangi, Mwislamu, akaja mbio na kisu, akamchinja sawasawa ili kila mtu aweze kula. Mgiriki akarudi kwenye gari lake, maana kokoto zilikuwa zikingojwa mbele.

Sasa hapa ndipo tulipofanya ujinga wetu, na nasema ni wetu, maana watu wengine wasingeufanya. Bwana stesheni alikuwa ametoa amri zamani: mnyama akigongwa na treni, asiguswe, alale palepale mpaka yeye mwenyewe aje aone kwa macho yake, ndipo mwenye mnyama apewe mwingine. Tulisikia amri hiyo. Lakini bwana mwenyewe alikuwa amesafiri, hatarudi mpaka siku ya tatu. Nyama ilale juani siku tatu, tai wale, nasi tunatazama? Hata haikuingia akilini. Kwetu mnyama akianguka, kila kiungo kina mwenyewe tangu zamani za mababu. Mgongo kwa wajomba, shingo kwa wachungaji, matumbo kwa kina mama. Mchinjaji naye ana pande lake, na ngozi ikaenda kwa mjomba aliyemtoa, naye siku hiyohiyo akaikata mikanda. Kabla jua halijatua, ng'ombe wetu alikuwa kwenye vyungu vya mji mzima.

Likabaki kidari. Kidari ni cha aliyemwangusha mnyama, ndiyo desturi. Wazee wakaulizana, nani kamwangusha? Mgiriki. Basi apelekewe. Na nani ampelekee? Yule anayemkamulia ng'ombe wake. Yaani mimi! Nilikibeba kile kidari kwa hasira. Nilitaka nimtwange nacho usoni, yeye na gari lake na kokoto zake. Nilipofika, alikuwa amekaa kizingitini, mnyonge, hata hakuniangalia. Nikakiweka mezani, nikaondoka bila kuaga.

Siku ya nne baraza likakaa stesheni. Bwana stesheni kwenye kiti, Mhindi pembeni yake akikalimani, baba yangu na wazee wamechuchumaa. Mgiriki amesimama ukutani, kofia mkononi. Sisi wanawake tulikuwa nje ya baraza, hatukuruhusiwa kusema. Mchumba wangu akaeleza yote vizuri, sauti haikumtetemeka. Akaomba ng'ombe kwa ng'ombe, basi.

“Mzoga uko wapi?” bwana akauliza.

Watu wakatazama vidole vyao vya miguu. Mhindi akarudia kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba hatukusikia.

“Tumekula,” mchumba wangu akasema.

“Nani amekula?”

Loo! Angeanza kutaja angemaliza lini? Barazani pale palikuwa hapana mtu ambaye hakuwa amekula, isipokuwa bwana mwenyewe aliyekuwa safarini, na Mhindi ambaye dini yake haikumruhusu nyama. Masikini Mhindi ndiye aliyekuwa msafi peke yake, na alikuwa akijizuia kucheka mpaka machozi yakamlengalenga.

Bwana akasema mnyama asiyeonekana hakugongwa. Labda ni simba. Labda ni ugonjwa. Labda hakukuwa na ng'ombe kabisa, watu wanataka wa bure. Kisha akamgeukia Mgiriki, akamuuliza kwa Kijerumani kama alimgonga ng'ombe. Mhindi alitutafsiria swali hilo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba dereva anayegonga na asitoe taarifa hushushwa kwenye gari. Mgiriki alikuwa hajatoa taarifa. Akawa anaizungusha kofia mkononi.

“Na?” bwana stesheni akasema.

Safari hii niliielewa. Nilielewa kuliko nilivyotaka. Nikamtazama baba yangu, nikaona anatazama mawingu upande wa mashariki, yameanza kujikusanya. Nikamwona akilini yule mzee wa Miyuji na chafya zake. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nimezaliwa hivyo, mnisamehe.

“Wewe!” nikamwita Mgiriki kutoka kule nje. “Kidari nilichokuletea, ulikila hukukila?”

Wanawake wakanivuta nguo. Baba akageuka, macho kama makaa. Bwana stesheni akauliza nasema nini, Mhindi akamwambia. Akauliza kidari kinahusu nini, na hapo Mhindi ikabidi amweleze desturi yetu yote, mgongo na shingo na matumbo, na kwamba kidari hakiliwi na mtu ila yule aliyemwangusha mnyama. Mgiriki naye alikuwa akisikiliza. Hakuwa akijua, yeye alidhani ni zawadi. Nikauona uso wake unabadilika kadiri Mhindi alivyoendelea. Angeweza kusema alikitupa. Angeweza kusema kililiwa na mbwa. Nani angebisha?

Akaiweka kofia kichwani.

“Mimi kula,” akasema kwa Kiswahili chake, akitutazama sisi si bwana. “Mimi kula yote. Nzuri sana.” Kisha akasema, “Mimi gonga.”

Watu wakapiga kelele, wengine wakacheka, mimi nililia. Lakini bwana stesheni alikuwa mtu wa amri. Akasema Mgiriki atashuka kwenye gari kuanzia siku hiyo, ataenda kusimamia wapasua kokoto. Na ng'ombe hatatolewa, kwa sababu mzoga haukuonekana, na amri ni amri. Akasimama, akaingia ndani, baraza limekwisha. Nikakaa chini kwenye vumbi. Nimemharibia mtu kazi yake, na mchumba nimemkosa vilevile.

Hatujaondoka bado, tukamwona Mgiriki anatoka nyuma ya nyumba yake anavuta kamba. Nyuma ya kamba yuko yule jike mwekundu, anagoma, anatupa mateke kushoto na kulia, watu wanaruka pembeni. Akaja mpaka kwa mchumba wangu, akamwekea kamba mkononi. Safari hii hakusema neno lolote, la kwao wala la kwetu. Alikuwa anapumua kwa nguvu tu, kwa jinsi alivyovutana na yule mnyama.

Baba yangu akainuka. Akamzunguka ng'ombe, akamtazama meno kwa mbali. Nilijua anatafuta kasoro, namfahamu. Mara akasogea karibu mno, akala teke la paja. Baba akajipangusa vumbi, akasema, “Ana nguvu.” Kisha akamwambia Mhindi amweleze Mgiriki maneno haya, na ayaeleze vizuri: mtu aliyetoa ng'ombe kwenye mahari si mgeni tena. Ameshakuwa mtu wa ndoa hii. Msichana huyu akijaliwa binti, siku ya kuolewa binti huyo, katika ng'ombe watakaokuja mmoja ni wa kwake, na atatengwa kabla ya wote. Mgiriki akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akampa baba mkono. Nadhani aliona ni maneno ya adabu tu.

Mvua ilinyesha siku ya tisa baada ya hapo. Nikaolewa. Mgiriki alicheza ngoma harusini kwa namna yao, mikono juu, akavunja kibuyu kimoja cha mama, na tukamsamehe. Yule jike alikuwa zizini kwa baba, na hakukubali kukamuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo kila asubuhi nilitoka kwa mume wangu kwenda kumkamua. Baba alikuwa akilalamika kwamba binti ameolewa lakini haondoki. Nikichelewa, alikuwa ananingoja mlangoni.

Kisha reli ikasonga mbele kwenda Tabora, na wapasua kokoto wakasonga nayo. Mgiriki alikuja kuniaga akiwa na mkate mzima chini ya kwapa. Sikumwona tena.

Binti yangu wa kwanza alipoolewa, Wajerumani wenyewe walikuwa wameshakwenda zao. Ng'ombe wakaja, na mmoja tukamtenga kabla ya wote, mtamba mzuri mwenye baka jeupe. Huyo alizaa, akazeeka, akafa. Binti yake yupo, na wajukuu wapo. Kila ndama anayezaliwa katika ukoo huo namkata alama ya peke yake sikioni asije akachanganyika na wangu. Maziwa nakunywa, hiyo ni haki ya mtunzaji. Ila kuchinja, kuuza, kuolea mtu, hapana. Wanangu hunitania, “Mama, huyo mtu hata sasa hajafa?” Nawaambia kama kafa ana watoto, na kama hana watoto ana ndugu, wataulizia. Nikifa mimi, gawaneni vyangu vyote mpendavyo, wala msigombane. Lakini wale wenye sikio lililokatwa wanyweshwe maji, wapelekwe malishoni, na jioni warudishwe zizini.