Malori Niliyoyaacha Mtito Andei

Baba aliniandikisha ushonaji. Chuo cha ufundi kilikuwa juu katika vilima vya Kilungu, kikiendeshwa na kanisa, na mapema miaka ya themanini wasichana karibu wote walikuwa upande wa cherehani. Wiki ya pili nilimwendea mwalimu wa magari, nikamwomba anipokee. Aliitazama mikono yangu, akauliza kama baba anajua. Nikasema anajua. Baba hakujua hadi likizo ya Agosti, na likizo yote hakunisemesha.

Darasa la dizeli lilikuwa na msichana mwingine mmoja. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliohamia mji mmoja wa barabara ya Mombasa kufanya biashara. Kikamba chake kilikuwa cha sokoni tu, nami Kikikuyu sikukijua, kwa hivyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili. Mpaka leo nikishika spana, mawazo hunijia kwa Kiswahili.

Mwalimu alitupatia injini moja kuukuu ya lori, tukaifungua na kuifunga kwa miaka miwili. Mwenzangu alikuwa na sikio kali. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, anasema silinda ya nne haichomi sawasawa, na tukifungua nozeli yake tunaikuta imeziba. Lakini alikuwa na pupa. Alikaza bolti hadi zikakatika, na kazi ya kutoa vipande ilikuwa yangu. Jumapili baada ya ibada tulipanda mahali ambapo barabara kuu ilionekana kule chini, tukapanga maisha. Tutafungua gereji Mtito Andei, alisema, kwa sababu malori yote ya Mombasa husimama pale. Mimi nilikubali kila kitu. Sikuwa nimewahi kufika Mtito Andei.

Tulifaulu mtihani wa serikali sote wawili. Mwezi huohuo baba alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Alikuwa na kisiagi cha mahindi sokoni Kalamba, kinachoendeshwa na injini ndogo ya silinda moja, na kaka zangu walikuwa mbali kwenye ajira. Nilimweleza kwamba ninasubiriwa na mwenzangu, kwamba nimesomea magari makubwa.

"Umesomea dizeli," alisema taratibu, maana hata ulimi ulikuwa mzito. "Hii nayo ni dizeli."

Nikajiambia ni msimu mmoja tu, mavuno yakiisha nitaondoka. Mwenzangu alitangulia, akapata kazi Mtito Andei, katika gereji nyuma ya kituo cha petroli. Barua zake zilijaa pampu na gia boksi, na nilizisoma nikiwa nimekalia gunia, unga ukiniangukia kichwani.

Mwaka wa tatu nilikwenda kumwona. Nilikuta miguu miwili ikichomoza chini ya lori, nikamjua kwa viatu. Mchana ule dereva mmoja aliishiwa dizeli, na hata baada ya kujaza, injini ilikataa kuwaka. Mwenzangu aliniachia kazi hiyo. Nililegeza nati za mabomba moja baada ya nyingine, nikasukuma pampu kwa mkono mpaka hewa yote iliyoingia dizeli ilipoisha ikatoka, kisha nikampa ishara dereva. Injini ya silinda sita ilipoitikia, ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zangu. Machozi yalinitoka. Nilimwambia mwenzangu ni dizeli imeniingia machoni.

Jioni alinisugua mikono kwa kitambaa cha mafuta ya taa.

"Kitanda kipo," alisema. "Kaa."

Nikamwambia baba hawezi kuwasha injini kwa mkono mmoja. Hakunisihi tena. Wakati mwingine nimemlaumu kwa hilo, ingawa najua nisingekaa.

Aliolewa na dereva, wakahamia Mombasa, halafu Malaba. Barua zikawa chache, kisha zikakoma. Nami nikaolewa palepale Kalamba, nikazaa, na kisiagi kikaendelea kunguruma.

Baba aliishi miaka kumi na miwili baada ya kiharusi. Katika mwaka wake wa mwisho nilikuwa nikimlisha uji nje ya nyumba, akaniuliza kama siku ile aliponiachia kisiagi nilitaka kwenda.

"Nilitaka sana, baba."

"Nilijua," alisema.

Akafungua mdomo apate kijiko kingine, nami nikamlisha hadi uji ukaisha. Baada ya mazishi hakuna aliyenizuia tena. Nilipanda basi hadi Mtito Andei. Ile gereji ilikuwa na fundi mwingine, kijana mpole, akaniambia hajawahi kusikia habari za mwanamke aliyefanya kazi hapo. Nilisimama kando ya barabara kitambo kirefu, malori yakiingia na kutoka, kisha nikatafuta basi la kurudi.