Mota Chini ya Ngazi

Bi Shukri wa kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, hakupendwa, na wala hakutaka kupendwa. Alitaka kutiiwa. Na kwa kuwa ufunguo wa kisima aliufunga kwenye pindo la leso yake, mchana na usiku, alitiiwa. Maji ya mfereji mtaani kwao huja yanapojisikia, nayo hutoka kwa kukohoa. Basi kila asubuhi wanawake walipanga ndoo uani kwake, yeye akawasha pampu, kisha akasimama mlangoni mikono kiunoni kuwasimamia kama watoto wa chuo cha Kurani. Ukimwomba upite mbele kwa kuwa una mgonjwa, ama chungu kiko motoni, jibu lake lilikuwa hilo hilo moja: "Hapa hupangwa ndoo, hazipangwi shida."

Kisima kilikuwa wakfu wa marehemu mumewe, Twalib. Yeye ndiye aliyetia ile pampu ya kuzamishwa, na siku ya kuinunua alinunua na mota ya pili ya kuwekwa. "Hii ni ya siku mbaya, Shukri," alimwambia. "Itunze." Twalib akafa, na maneno yale yakabaki kwa mjane wake kama wasia. Aliitunza hasa! Aliiweka chini ya ngazi, akatia kufuli, na hakumruhusu mtu hata kuchungulia.

Sasa, nyumba za Mji wa Kale zina adui mmoja, chumvi. Kuta hutoka jasho, bawaba huliwa, hata sindano ukiisahau dirishani huikuti nzima. Siku moja Bi Shukri aliiinua ile mota kufagia chini yake, akasikia maji yakicheza ndani. Akasema paa limevuja, maji yameingia, na maji na umeme tangu lini vikapatana? Akachukua bisibisi ya marehemu, akafungua kizibo, akayamwaga yote kwenye beseni mpaka tone la mwisho. Akaipangusa, akaipaka mafuta ya nazi, akaifukiza udi, akaizungushia leso mpya na kuirudisha mahali pake. Alijiona mke mwema. Hakumwambia mtu, maana nani wa kuambiwa?

Hakika si shemeji yake Aidarus. Huyu alikuwa mdogo wa Twalib, karani mstaafu wa ghala moja kule Shimanzi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Aliona wakfu wa ndugu yake hauwezi kukaa pindoni mwa mwanamke mwenye ulimi ule. Pampu ilipogoma Ramadhani iliyopita, aliwaweka majirani barazani mpaka wakakubaliana: kisima kikinyamaza tena mikononi mwa Bi Shukri, ufunguo utahamia kwake.

"Ninayo mota nzima chini ya ngazi," Bi Shukri alimjibu mbele ya wote. "Wewe una nini, zaidi ya hiyo fimbo yako?"

Haya. Mota ya kisimani ikafa Alhamisi asubuhi, ndoo zimepangwa. Fundi wa karibu alikuwa Kitsao, na Kitsao alikuwa ameapa hatakanyaga nyumba ile, kwa kuwa safari ya mwisho Bi Shukri alimfuata mpaka njiani akipiga kelele kwamba anaishi kwa kuiba nyaya za shaba ndani ya mota za wajane. Aliyembembeleza ni Mbeyu, mpangaji wa nyumba ya pili, anayekaanga viazi vya karai kule baharini Mama Ngina jioni. Bila maji Mbeyu hana viazi, na bila viazi hana kazi. Kitsao akaja kwa ajili yake. Aliingia na mfuko wake wa vyuma, akasema sabalkheri kwa kila mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Waliivuta pampu kwa kamba mpaka juu. Bi Shukri akaleta mota yake ameikumbatia, akaiweka chini polepole na kumtazama Aidarus, ambaye alikuwa amekwisha fika, amesimama mlangoni na fimbo yake. Kitsao akaifungua ile leso.

"Inanukia biarusi," alisema, na wanawake wakacheka. Bi Shukri hakucheka.

Fundi akashika chuma kinachozunguka, akakizungusha kwa mkono. Kilikwenda kwa shida. Akakunja uso. "Mota hizi huwa na maji yake ndani, hutiwa kiwandani. Ndiyo mafuta yake na ndiyo yanayoipoza. Yakipungua, itajisaga yenyewe." Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama mwenye nyumba. "Kuna mtu aliyekifungua kizibo hiki?"

Bi Shukri aliliona lile beseni akilini. Aliliona waziwazi, na jinsi alivyolipeleka chooni kulimwaga akijipongeza. Mtu mwengine angesema, "Nimekifungua mimi," na Kitsao angejaza maji safi kwa dakika chache, mambo yakaisha. Lakini aseme vipi? Aseme mbele ya Aidarus? Amwambie fundi yule yule aliyemwita mwizi? Mficha uchi hazai, wazee walisema, lakini wazee hawakuwa na shemeji kama yule.

"Hakuna," alisema.

Kitsao akatoa bisibisi. "Hata hivyo nitakifungua nitazame."

"Weka chini! Kila uonapo kizibo wataka kufungua. Kitu hakijaguswa tangu kitoke dukani, wakifungulia nini? Wataka shaba?"

Kitsao alibaki na bisibisi mkononi, na hasira zikampanda mpaka masikioni. Fundi mzuri angefungua tu, na yeye alijua hivyo. Lakini alikuwa amechoka na mdomo ule. "Haya," alisema. "Mwenye nyumba amesema."

Akaifunga mota kwenye pampu, akaunga waya, wakaiteremsha kisimani. Bi Shukri akabonyeza swichi kwa mkono wake, na maji yakatoka, mengi, meupe. Mbeyu akapiga kigelegele. Bi Shukri naye, akiwa na matumaini ya kijinga kwamba Mungu amemsitiri, akamgeukia Aidarus. "Shemeji, umekuja na ndoo, au umekuja na macho tu?"

Ndoo ya tatu haikujaa. Chini kabisa kulisikika mlio wa kusaga, kama mtu anatafuna changarawe, kisha swichi ikajizima. Kitsao aliiwasha tena, ikajizima tena. Kila mtu alielewa.

"Umeiua," Aidarus alimwambia Kitsao. "Mota mpya, na wewe umeifunga vibaya. Nyumba gani ya Mji wa Kale itakuita tena? Mimi mwenyewe nitapita mlango kwa mlango."

"Nilitaka kuifungua," Kitsao alisema. "Nyote mlisikia."

"Tulichosikia ni kwamba ilikuwa nzima," akasema mwanamke mmoja, na wengine wakaitikia. Mwizi wa shaba, walisema. Si aliambiwa?

Mbeyu peke yake ndiye aliyefikiri mbele. "Basi kama kosa ni la fundi," alisema polepole, "ufunguo unabaki kwa Bi Shukri."

Bi Shukri alilishika pindo la leso yake, akauhisi ule ufunguo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na Mungu ajua hakumpenda yule Kitsao hata kidogo. Akamtazama akikusanya vyuma vyake kimoja kimoja. Akaichukia sura yake. Akajichukia zaidi.

"Mwacheni," alisema, kwa sauti ile ile ya kufokea watu foleni. "Maji niliyamwaga mimi. Aliponiuliza nilisema uongo. Mnanitazamia nini?"

Alifungua pindo. Ufunguo hakumpa Aidarus mkononi, aliuweka juu ya ukingo wa kisima, auokote mwenyewe kama anautaka.

Kitsao akatundika mfuko begani. Hakushukuru. "Ulimi ulikuwa nao tangu mwanzo, mama," alisema alipompita. "Ungeutumia." Akaenda zake, na tangu siku ile hakurudi.

Aidarus aliuokota ufunguo, akachangisha msikitini, mota nyengine ikatiwa na fundi mwengine. Asubuhi ya kwanza Bi Shukri alishuka na ndoo yake, na kwa mazoea akaenda moja kwa moja akaitega chini ya bomba. Mbeyu akainama, akaitoa kwa adabu, akaibeba mpaka mwisho wa foleni na kuiweka pale.

"Hapa hupangwa ndoo, Bi Shukri," alisema.

Hayo mengine hakuyamalizia. Bi Shukri akageuka kuwatazama wote, mmoja mmoja, akingoja acheke hata mmoja apate wa kugombana naye. Hakuna aliyecheka.