Bugali Ndani ya Radiateri

Mume wangu Anatole ni fundi wa pikipiki, ana jicho moja, na mimi nimechoka. Nimechoka kueleza. Kila mteja anayefika hapa kwetu, kwenye njia ya kutoka Baraka kupanda Fizi, anauliza kwa nini fundi anaketi tu wakati chombo kimekufa.

Wiki jana, saa tatu asubuhi, Bienfait alirudi akiteremka na pikipiki yake ya magurudumu matatu, injini imezimwa, mvuke unapiga miluzi. Nyuma kulikuwa na beseni nne za ndagala wabichi, samaki wadogo wa ziwa, na kando yake mwenye mali, Gloriose, mama wa Kirundi anayekaa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Biashara yake yote ilikuwa mle. Soko la Fizi lilikuwa linamngoja, lakini jua halimngoji mtu.

"Radiateri ilikuwa inavuja maji," Bienfait akasema. "Wenzangu baliniambia nitie unga ya muhogo, itaziba."

"Imeziba kweli," Anatole akamjibu. "Umepika bugali mule ndani. Kamata sahani, ule."

Hata mimi nilicheka. Anatole akavuta kigoda chake mbali na injini, akaketi. Akasema tungoje ipoe.

Bienfait akaja mbio na ndoo ya maji ya ziwa. Anatole akamnyang'anya. "Chuma ya moto na maji ya baridi! Mwaga basi, ipasuke, kisha uisukume mpaka Fizi." Ee Mungu wangu! Huku kila mtu anajua kusema haraka haraka haina baraka, na kila mtu ana haraka.

Nzi wakaanza kuja. Gloriose alifunika beseni kwa kitenge chake, akafunua, akanusa, akafunika tena. Moyo uliniuma. Akanifuata jikoni.

"Mama Ketsia, samaki yangu inaoza. Ambia bwana yako afungule ile kifuniko ya radiateri. We ni bibi yake, atakusikia."

Nilitoa turubai, nikalitandika uani, nikamwambia alete beseni moja moja. Jua linaloozesha ndilo linalokausha. Ndagala wakavu hawana bei ya wabichi, lakini wanaliwa. Alianika huku akilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu.

Anatole ana kipimo chake. Anaweka kiganja juu ya radiateri, anasali Baba Yetu yote. Mkono ukimtoka kabla ya Amina, bado ni moto. Mara ya kwanza hakupita "mbinguni". Mara ya pili aliishia kwenye mkate. Mara ya tatu alifika Amina, bila kuharakisha maneno.

Ndipo akafunika kifuniko kwa kitambaa kinene, akageuza uso pembeni, akazungusha nusu, akangoja pumzi ya mvuke iishe, akamaliza. Akaifungua radiateri yenyewe, akapitisha maji ya mvua kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu. Mabonge meupe yakatoka, tena na tena, mpaka maji yakawa maji. Mapezi ya radiateri, yale mabati membamba, akayasugua kwa brashi laini asiyakunje. Palipovuja akapachomelea. Akairudisha, injini ikawaka.

Saa saba ilikuwa imepita. Soko la Fizi lilikuwa linavunjika.

"Ungesema neno moja tu," Gloriose akaniambia, mikono imejaa magamba. "Moja tu, Mama Ketsia."

Nikaendelea kugeuza samaki.

"Siku alipopoteza jicho, mteja alikuwa na haraka kama we," nikasema. "Anatole alikataa kabisa. Mi ndiye nilimwambia: fungula, Anatole, bantu banangoja. Akanisikia."