Neno Lililokula Vidole Viwili

Walisema sitashika tena spana. Mjomba wangu wa Sengerema, aliyeuza mitamba wawili ili nipate nauli ya kwenda Uarabuni, alisema hata kijiko kitanishinda. Shangazi, aliyenikopesha mtaji wake wa dagaa, alilia tu. Vijana wa mtaani kwetu Nyakato nao wakacheka: "Fundi gani huyu, akihesabu vidole anaishia nane?"

Niliwaacha wacheke. Diploma yangu ya ufundi mitambo haikuandikwa kwenye vidole.

Nilikuwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, jangwani, miaka ileile ambayo huku nyumbani milango ya biashara ilikuwa inafunguliwa. Kazi yangu ilikuwa kuelekeza koleo kubwa la chuma linalokaza mabomba. Mwenzangu, mtu wa Mombasa, alikuwa kwenye winchi inayolivuta. Tulizungumza Kiswahili na kujivunia kwamba hakuna bosi anayetuelewa. Siku hiyo, mkono wangu ukiwa bado kati ya koleo na bomba, akaniambia kwamba tukimaliza hilo tunakwenda kula. Nikamjibu, "Haya."

Mimi nilimaanisha nimesikia. Yeye alisikia vuta.

Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vilibaki ndani ya glovu. Simlaumu, neno lilikuwa langu.

Walinitibu, wakanilipa fidia, wakanipandisha ndege. Nyumbani kila mtu alijua fidia ile ni ya kurudisha ng'ombe na dagaa. Mimi nikanunua mashine ya kuchonga vyuma, mtumba, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga karakana yake. Mjomba akaniletea salamu kwamba nimekula mitamba wake mara mbili, na nisikanyage kwake mikono mitupu.

Basi nikajifunza upya kushika. Vipini vya spana nilivizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli visiteleze, nikakaza nati na kuzilegeza mpaka gumba na kidole cha pete vikaelewana.

Wakati huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota kando ya ziwa. Kimoja kikavunjikiwa shafti ya mashine ya barafu, samaki wakaanza kuharibika, na mafundi wawili wakashindwa. Nikaitwa. Meneja aliutazama mkono kabla ya uso.

"Fundi, kwa mkono huo?"

"Bosi, mkono huu umeshalipa ada. Mingine bado inadaiwa."

Nilichomoa fyuzi, nikazitia mfukoni, ndipo nikaingiza mkono. Shafti niliichonga mwenyewe, na kesho yake mchana barafu ilikuwa inamwagika. Tangu hapo sikutafuta kazi, kazi ilinitafuta.

Karakana yangu ilikuwa na sheria mbili. Anayeingiza mkono kwenye mashine ndiye anayekaa na fyuzi. Na karibu na swichi, hakuna kusema "haya". Sema "washa" au nyamaza. Atakayekosea ananunua chai ya wote. Fundi wangu mmoja wa Bukoba alilalamika, "Sasa mzee, na mimi Mhaya nisijitaje?" Nikamwambia kabila aliache mlangoni. Alinunua chai nyingi kuliko wote, lakini vidole vyake kumi anavyo. Kwangu hakuna aliyepoteza hata ukucha, na hilo najivunia kuliko mashine zote nilizonunua baadaye.

Shangazi nilimlipa kwanza. Mjomba alikuwa wa mwisho. Nilivuka ziwa kwa kivuko hadi Kamanga, nikanunua mitamba wawili mnadani, nikawaswaga mwenyewe mpaka kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Aliwazunguka wale ng'ombe, akawafunua midomo, akawapapasa migongo. Kisha akanitupia kamba.

"Wafunge."

Nilifunga kwa mkono wa kulia, polepole, yeye akiwa amesimama juu yangu. Nilipomaliza, alilivuta fundo kwa nguvu zake zote. Halikulegea. Akageukia nyumba, akamwita mkewe.

"Mama, kamata kuku. Fundi amekuja."