Ubeti Uliompeleka Dequarius Mahakamani

Saa moja asubuhi, Lavonda Pettigrew anagawa nywele za mteja wake wa kwanza kwa mkia wa kitana. Njia inapinda, anaanza upya.

"Dada, hicho ni kichwa changu, si barabara ya matope!" mteja anamtania. Lavonda anacheka kidogo tu.

Msusi huyu wa kusini mwa Memphis hana usingizi tangu mwanawe Dequarius, rapa wa miaka 21, ashtakiwe kwa kumuua kijana wa jirani, Javaris Suggs. Bunduki haijapatikana. Aliyeshuhudia hakuna. Kuna wimbo.

"Alianguka, kitambaa bado mkononi, nami nimesimama namtazama," anaimba Dequarius. Mwendesha mashtaka anasema huko ni kukiri: Javaris alipigwa risasi akifuta gari, na habari ya kitambaa haikutangazwa popote.

Inaudhi kusikia hivyo. Mtaani hapa kila rapa huwataja marehemu wa mtaa, tena husema "mimi" hata kwa asiyoyaona. Asiyewataja huambiwa anaringa.

"Mimi ndiye niliyemwambia amtaje Javaris," anasema Lavonda huku machozi yakimlengalenga. "Hata hiyo habari ya kitambaa nilimpa mimi. Nilidhani namfariji bibi wa marehemu. Kumbe namchimbia mwanangu shimo!"

Bibi huyo, Earlene Suggs, ndiye aliyeufikia mwili kwanza, na ndiye aliyemsimulia Lavonda alipokuja kusukwa. Tangu Dequarius akamatwe, Bi Earlene hajakanyaga hapa saluni wala kupokea simu. Wateja wengine nao wamepungua nusu.

Kesho jaji ataamua kama raia watakaotoa hukumu wausikie wimbo huo. Lavonda atapanda kizimbani kumtetea mwanawe, lakini wakili amemwonya kwamba neno la mama peke yake halina uzito.

Kabla ya adhuhuri mlango unafunguliwa. Ni Bi Earlene, na mkongojo wake. Anakaa bila salamu.

"Nisuke. Kesho naenda mahakamani."

"Unakwenda kusema nini, Bi Earlene?" anauliza Lavonda.

"Usinishukuru. Kama mwanao ndiye aliyemuua mjukuu wangu, sijui. Nitasema habari ya kitambaa nilikupa mimi, kwa sababu nilikupa. Zaidi ya hapo usiniulize."

Lavonda anaokota kitana na kuanza kuzigawa zile mvi, polepole, akimwomba Mungu jaji aone kwamba hilo linatosha.