Ndafu ya Sherehe ya Shangazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mbuzi mzima na jiko refu la mkaa, nikaambiwa nisithubutu kumwunguza. Ilikuwa hoteli moja mjini Arusha, na Mpishi Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa ninyi vijana mliozoea chipsi, ndafu ni mbuzi anayebanikwa mzima, taratibu, akipakwa mafuta na limau mpaka aive hadi mfupani. Kisha anasimamishwa kwenye meza ya magurudumu, majani mabichi mdomoni, na mpishi anamwingiza ukumbini akicheza.

"Moto mkubwa ni wa wavivu," Mpishi Mkuu aliniambia. "Na ndafu haikatwi hovyo. Wenye sherehe walishane, kisha wamlishe mzazi. Mzazi asipoonja, umebanika mbuzi tu."

Baadaye nikapelekwa hoteli ya watalii kule Momela. Meneja wa pale alitaka nikate kichwa kabla ya kuingia ukumbini, eti wageni wanaogopa.

"Basi wafumbe macho," nikamjibu.

Sikudumu Momela. Nikarudi mjini, nikaajiriwa Sakina na mama mmoja wa Kimeru mwenye kampuni ya upishi, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi. Yeye alikuwa na sheria moja: mpishi haulizi kwa nini watu wanafurahi, anauliza wako wangapi na wanakula saa ngapi.

Ndiye aliyenituma kupika kwenye sherehe ya Shangazi. Ilikuwa Jumamosi mchana, uani kwa fundi cherehani mmoja hapo hapo Sakina, nyuma ya gereji. Nitamwita Fundi, maana yeye na wenzake bado wanaishi mjini hapa na majina yao si yangu kuyatangaza. Nilikuwa nimeambiwa ni birthday ya shangazi anayetimiza miaka sitini. Nikaingia nikicheza, kisu mkononi, mbuzi kavikwa utepe wa rangi zote kama walivyoagiza.

"Haya, Shangazi yuko wapi aonje?" nikauliza.

Nikatazama huku na huku, sikuona mvi hata moja.

"Mzee, shikamoo," Fundi akasema. "Shangazi hayupo. Hajawahi kuwepo. Sisi ni wanaume tunaopenda wanaume, na hawa dada zetu wanapenda wanawake wenzao. Mara moja kwa mwaka tunakutana, tunakula, tunacheza, tunajiona watu. Tukisema ukweli, tunafungwa. Ukitaka kuondoka, ondoka, ila tunakuomba usituseme."

Mimi ni Mlutheri, na Biblia siijui kumshinda mchungaji. Lakini njaa naijua, na hofu naijua. Wale watoto walikuwa wanaogopa mpishi! Iliniuma.

"Marahaba," nikasema. "Sijauliza mnampenda nani. Nimeuliza mzazi, maana ndafu ina utaratibu wake."

Ndipo Fundi akaniambia kwamba mama yake anaishi Olasiti, mwendo mfupi tu kutoka pale, na tangu alipojua habari zake hajajibu hata salamu yake. Nikakata pande la kwanza, nikaliweka kwenye sahani yenye maua ya bluu, nikaifunika. Sherehe ilipokwisha niliipeleka mwenyewe.

"Mwanao amekuletea chakula," nikamwambia yule mama getini.

"Rudi nacho," akasema, akafunga geti.

Mwaka uliofuata Shangazi akatimiza sitini tena, nami nikarudi Olasiti. Safari hii mama aliipokea sahani, akaingia nayo ndani. Fundi alinihoji kama polisi. Ameniulizia? Amekonda? Nikamwambia hajauliza kitu, ila sahani imebaki kwake. Ninyi wenyewe mnajua, kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Miezi ikapita, nami nikaanza kudhani ameshaitupa.

Halafu asubuhi moja sahani ikaletwa jikoni kwetu, imejaa ndizi mbivu. Nikampelekea Fundi, akazila zote peke yake, analia na kutafuna, wala hakumwonjesha mtu.

Sherehe nayo ilikua. Uani pakawa padogo, wakakodi ukumbi. Majirani walipoanza minong'ono wakahamia shamba la kahawa mlimani, Meru, ambako tulicheza kati ya migomba na muziki wa chini. Shangazi hakuzeeka. Kila mwaka sitini.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilipita Olasiti kumjulisha yule mama kwamba nyama itakuja kama kawaida.

"Mwaka huu usiniletee," akasema.

Miaka yote ile, nikawaza, kumbe bure.

"Nyama ya ndafu ikipoa inakuwa kama kamba," akaendelea, bila kunitazama. "Nataka kuila ikiwa ya moto. Ni wapi huko?"

Alikuja na kitenge chake cha kanisani, sahani yenye maua kwapani. Mshereheshaji alipomwona akapaza sauti: "Shangazi amefika!" Shamba zima likasimama. Shikamoo zilimiminika mpaka mama wa watu akakosa pa kutazama.

"Marahaba, wanangu," akasema.

Fundi alichukua kipande kwa kijiti, akamlisha mama yake. Mama akatafuna polepole.

"Nani katia chumvi hii?" akauliza. "Imezidi." Akafungua mdomo tena.

Sasa nimestaafu, nina migomba yangu na magoti yanayolalamika kila kukicha. Sherehe bado ipo, naalikwa, nakaa na kukosoa moto wa wapishi wa siku hizi, ambao ni mkubwa mno. Watu huniuliza ni ndafu ipi niliyoipika vizuri kuliko zote. Wanadhani nitataja harusi ya mkubwa fulani. Mimi huwaambia ni ile iliyozidi chumvi.