Shetani wa Lita Mbili za Petroli

Sauti ile bado ninayo sikioni. Kwanza kamba inavutwa, krrr, halafu kikohozi, halafu kikohozi kingine, mtu anatukana kidogo, ndipo jenereta linashika na kuanza kunguruma nyuma ya mashine ya kusaga. Juzi umeme ulikatika hapa Muheza, jirani yangu mwenye saluni akavuta kamba ya jenereta lake. Mimi nilikuwa nimekaa na tenga langu nikitenga machungwa yaliyopondeka, na ghafla nikawa na miaka kumi na miwili, miguu mitupu, nina haraka ya kuwahi kiti cha mbele.

Wewe kama ulikulia huku utakumbuka. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, miaka ya kuogea majani ya mpapai na kunywa chai ya chumvi. Kisha wakasema sasa ruksa, milango imefunguliwa. Tukangoja sabuni, zikaja. Tukangoja nguo, yakaja marobota ya mitumba mpaka barabarani. Na kwenye sanduku la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Mombasa na kurudi, ikaja video. Nchi nzima ilifunguliwa milango, na kati ya vyote kilichotushika kikawa zimwi.

Kibanda cha kuonyeshea video kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili saa nane mchana pawe na giza. Jumamosi tulijazana humo tukitoka jasho kama samaki wa kubanikwa. Mimi nilikipenda kibanda kile, sikufichi. Niliota kwamba siku moja nitakuwa ndani ya kioo, nimevaa gauni refu, naruka juu ya nyumba kama mwanamke mmoja wa kwenye filamu. Baadaye sana ndipo niliposema kweli mbele ya nafsi yangu: yule mwanamke aliyekuwa akiruka, kamba iliyombeba ilikuwa ikionekana. Tuliiona sote. Tukapiga kelele za hofu hivyo hivyo.

Kando ya kioo alisimama mfasiri, bwana mzima mwenye kitambi ambaye siku nyingine zote aliziba pancha za baiskeli. Lugha ya filamu zile alikuwa haijui hata salamu yake. Haikumsumbua. Alishika fimbo, akaigonga kwenye kioo, akatuambia huyu ni jini, huyu ni mchawi, huyu anakufa sasa hivi. Kila mwanamke mzee aliyepita kwa mfasiri yule alikuwa mchawi. Mtu anakuna kichwa, mfasiri anasema anaita mashetani. Na petroli ilipoisha, shetani alizimika katikati ya kicheko chake, mdomo wazi, tukabaki gizani tukinusa moshi na makwapa.

Sasa katika filamu hizo palikuwa na moja iliyorudiwa mpaka tukaijua kwa moyo. Kikongwe mwenye macho mekundu alipika kitu chunguni, akawapa watoto, na kila aliyekula alianza kutambaa ukutani kama mjusi. Mijusi yenyewe ilikuwa watoto waliolazwa chini juu ya kitambaa kilichochorwa matofali. Lakini nani aliangalia kitambaa?

Mtaani kwetu alikuwapo bibi wa vitumbua. Alikuwa wa kanisani kwetu, jirani wa nyumba ya tatu, mjane asiye na mtoto. Kabla jua halijachomoza alikwishakaa mbele ya kikaango, akichochea makumbi ya nazi, na makumbi unayajua moshi wake. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nipate akili. Miaka ya foleni, sukari ilipopotea, alikaanga vitumbua visivyo na sukari, akaviita vya wenye afya, na hakuna mtoto aliyepita pale na njaa akaenda shule nayo. Nilikula mikononi mwake kabla sijajua kuhesabu.

Jumatatu moja mwenzangu wa darasani aliniona na kitumbua, akasema, "Kula, kula. Kesho tutakuona ukutani." Wengine wakacheka, wakaanza kutembea kwa mikono na magoti mbele yangu wakitoa ndimi. Nami nikakitupa mtaroni. Sijui hata kama niliamini. Nilikitupa ili nisichekwe zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilijaribu kupita upande wa pili wa njia. Akaniita. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo nikiangalia vidole vya miguu yangu. Akaniwekea kitumbua cha moto mkononi, kwenye kipande cha jani la mgomba, akasema, "Kile cha jana kilikuponyoka, mjukuu wangu. Chukua kingine."

Alikuwa ameona. Na alinitafutia uongo wa kunisitiri, mimi mwenye kosa.

Nilimsimulia bibi yangu, aliyekuwa akinilea maana mama alifanya kazi ya nyumba za watu mjini, Raskazone. Bibi miguu ilikuwa imemgomea, akashinda kitandani na rozari ya shanga za mbao na redio isiyo na betri. Hakunipiga. Alisema, "Shetani anayezimika petroli ikiisha, mimi simwogopi. Namwogopa huyu aliyekutupisha chakula." Akaongeza kwamba kama kweli Ibilisi angekuwa mjinga kiasi cha kuvaa macho mekundu na kucheka hovyo, Bwana wetu asingepata shida naye kule jangwani.

Watoto ni watoto, utasema. Haya, ngoja nikuambie wakubwa. Pale kibandani, kiti cha mbele, alikuwa akikaa mzee wa kanisa. Jumamosi alitazama mijusi, Jumapili alibeba kikapu cha sadaka kwa uso wa huzuni takatifu. Sisi tulishiriki kikombe kimoja, kama desturi ya kanisa letu: mnapiga magoti kwenye reli ya madhabahu, mmoja anakunywa, padre anafuta kwa kitambaa, anayefuata anakunywa. Jumapili moja mzee yule alijikuta kapiga magoti kando ya bibi wa vitumbua. Akainuka. Akajifanya anakohoa, akazunguka nyuma ya watu wote, akapiga magoti mwisho kabisa wa upande mwingine. Kanisa zima likaona. Mwezi uliofuata akina mama wawili wakafanya vilevile. Baada ya hapo haikuhitaji kikohozi tena. Walimwachia bibi yule awe wa mwisho, peke yake, ili asiwepo mtu wa kunywa baada yake.

Fikiri nami. Watu waliofundishwa tangu ubatizo kwamba ndani ya kikombe kile imo damu iliyoshinda kuzimu. Hicho wakakitilia shaka. Wakamwamini mziba pancha.

Jirani yetu Mwislamu, mama wa watoto saba, aliendelea kuwatuma wanawe kwa vitumbua kila asubuhi. Siku moja alisimama njiani na kanga yake kiunoni akawaambia akina mama waliokuwa wakitoka ibadani, "Nyie wa kanisani mna nini? Njooni mkae na makumbi haya asubuhi moja tu, tuone nani hatakuwa jini." Walipita wakiangalia chini. Padre naye alikuwa na mitaa mitatu ya kuhudumia, alikuja mara moja kwa mwezi, sidhani kama alijua.

Wiki ya kipaimara chetu, bibi wa vitumbua alikuja kumjulia hali bibi yangu. Nilikuwa uani napiga pasi ya mkaa gauni langu jeupe, dirisha wazi. Nilimsikia akisema taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba Jumapili atakuja kutuona watoto tukipewa kipaimara, halafu basi. Atasali nyumbani. "Sitaki kuwakosesha watu komunyo yao," alisema. Bibi yangu akalia. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo, na pasi ilichoma kidogo upindo wa gauni.

Kibanda kile hakipo siku hizi. Mahali pake pana duka la vipuri vya baiskeli, na mfasiri ndiye mwenye duka, mzee mwenye heshima zake. Mzee wa kanisa alikwishafariki, Mungu amrehemu, simsemi zaidi. Mashine ya kusaga imehamia stendi. Mashetani ndiyo hayajahama, yameongezeka. Siku hizi filamu zinatengenezwa na watu wanaojiita wa Mungu, shetani ana pembe za boksi na mchungaji anamkemea mpaka moshi unatoka, na mwisho wa yote mchawi ni yule yule: bibi mzee, mjane, hana mtoto. Naona watoto wa jirani wakitazama na ninacheka, lakini si kicheko kizuri. Mimi niliyeishia darasa la saba bado naota ndoto zangu. Naota nitawafundisha watoto wa Sunday school igizo langu mwenyewe, lisilo na pembe wala moshi, ila moshi wa makumbi, na mwanamke anayekaanga tangu alfajiri, na ajabu yenyewe ni kwamba hakuna anayekosa kitumbua. Wenzangu wa kwaya wanasema nani atatazama hilo. Mimi nitatazama.

Bibi wa vitumbua hakuacha kuja kanisani. Alikuja mpaka mwaka aliozikwa, na akina mama mmoja mmoja walirudi kando yake kwenye reli, hakuna aliyeeleza kwa nini. Mimi sidai chochote. Ninachojua ni Jumapili ile.

Askofu alikuwa amekwisha kutuwekea mikono. Sisi wa kipaimara tulipaswa kutangulia mezani, na mimi, kwa ufupi wangu, nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nilikuwa nimeiota nafasi ile mwezi mzima: shela, gauni, macho ya watu mgongoni. Wenzangu walipoanza kusogea nilitoka pembeni, nikasimama karibu na nguzo. Mwalimu wa kipaimara alinikonyeza nirudi, nikajifanya simwoni. Wakapita watoto, wakapita wanaume, wakapita akina mama. Wa mwisho akaja yeye, akishika viti njiani, akapiga magoti mahali pake palipoachwa wazi. Nikaenda, nikapiga magoti kushoto kwake, karibu mno hata shela yangu ikaangukia bega lake. Yeye akanywa. Padre akafuta, akaanza kugeuza uso kuelekea madhabahuni kama alivyozoea, akaniona, akasimama.

Nikapokea kikombe. Ukingoni palikuwa na harufu ndogo ya nazi. Nikanywa.